Pesa kubwa na wamiliki wapya kwenye klabu za soka: maswali ambayo mashabiki wa Tabora na Kigoma huuliza kila msimu

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya shabiki, kiongozi wa tawi na mlezi wa timu ya vijana. Maswali yana namba; pale jibu lilipokwisha kutolewa, tunakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Mfadhili, mdhamini, mwekezaji na mmiliki wanatofautianaje?

Tazama mkataba, usitazame jezi. Mfadhili anatoa pesa mfukoni bila hisa wala mkataba wa maana: leo kalipia kambi, kesho kanunua viatu, keshokutwa kanuna. Mdhamini ananunua tangazo. Mkataba wake una kiasi na muda, na ukiisha anaenda zake bila kudai chochote. Mwekezaji ananunua hisa za kampuni inayoendesha klabu, na pesa yake inabaki ndani kama mtaji. Mmiliki ndiye mwenye hisa za kutosha kuamua, au taasisi yenyewe ikiwa timu ni ya taasisi.

Ugomvi mwingi wa klabu zetu unaanzia hapa. Mtu anatoa pesa kama mfadhili, anatoa amri kama mmiliki, na wenye madeni wakibisha hodi anasema yeye ni mdhamini tu.

2. Timu za huku kwetu ni za nani?

Mashujaa ya Kigoma ni timu ya jeshi. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 kwa kuishinda Mbeya City kwenye mchujo, na nyumbani kwake ni Uwanja wa Lake Tanganyika.

Ya Tabora ina historia ndefu zaidi ya umri wake. Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro, ilihamia Tabora, ikapanda Ligi Kuu mwaka huohuo wa 2023 na kuitwa Tabora United. Baadaye, mwaka 2025, ikaingia mikononi mwa Mamlaka ya Mapato na jina likawa TRA United. Kabla yake mkoa uliwakilishwa na Rhino Rangers, nayo ya jeshi, iliyocheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka.

Kwa hiyo timu zote mbili za ukanda huu zinazotajwa Ligi Kuu ziko chini ya taasisi za umma. Hilo linabadilisha majibu mengi yanayofuata, hasa swali la 15.

3. Hiyo 51 kwa 49 inayosemwa kila mara ni kitu gani?

Ni utaratibu wa Tanzania kwa klabu zilizoanzishwa na wanachama: wanachama wanabaki na asilimia 51, wawekezaji hawazidi 49. Simba ndiyo iliyofungua njia. Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni kwa dau la shilingi bilioni 20. Yanga nayo ikabadili katiba yake kuelekea mfumo huohuo. Azam FC haihusiki, kwa kuwa haikuwahi kuwa ya wanachama. Ni timu ya kampuni tangu mwanzo. Vivyo hivyo timu za majeshi, halmashauri na mashirika.

Ujerumani wana sheria inayofanana, ya wanachama kushika nusu ya kura na moja juu yake. Bayer Leverkusen na Wolfsburg ziliruhusiwa kuwa nje ya sheria hiyo kwa sababu viwanda vilivyozianzisha vilikuwa nazo kwa miongo mingi. RB Leipzig ilipita mlango mwingine: ina wanachama, lakini wenye kura ni wachache mno.

Mfano wa Leipzig unaonyesha kwamba asilimia 51 peke yake haimlindi mtu. Uliza hisa za wanachama zinashikwa kwa jina la nani, wajumbe wangapi wa bodi wanateuliwa na kila upande, na ni maamuzi gani hayapiti bila mkutano mkuu. Klabu ambayo wanachama wana 51 lakini bodi inaongozwa na mwekezaji mwenye kura ya turufu ni klabu ya mwekezaji.

4. Klabu nyingi zinapata hasara. Tajiri anafuata nini?

Wengine wanafuata kupanda kwa thamani. Roman Abramovich aliichukua Chelsea mwaka 2003 kwa takriban pauni milioni 140, madeni yakiwemo. Mwaka 2022 iliuzwa kwa pauni bilioni 2.5. Wengine wanafuata jina: mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ulioinunua Newcastle Oktoba 2021, na Qatar iliyoichukua PSG mwaka 2011, hawakuwa na shida ya faida ya viingilio.

Kwetu, jibu mara nyingi ni tangazo. Nembo inayoonekana kwenye televisheni kila wiki msimu mzima ina bei yake hata kama timu inamaliza nafasi ya kumi.

## Pesa inaingiaje na inatokaje

5. Klabu ya Ligi Kuu inapata wapi pesa?

Haki za kurusha mechi kwenye televisheni ndizo mhimili. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka Tanzania, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ukigawa kwa miaka unapata wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka, lakini usigawe tena kwa timu 16 ukadhani hicho ndicho kinachofika Tabora. Mgao unategemea pia nafasi ya timu kwenye msimamo, na kuna wengine kwenye mkataba. Juu yake kuna mdhamini wa ligi, NBC tangu 2021, kisha wadhamini wa klabu yenyewe, viingilio, jezi na mauzo ya wachezaji.

Viingilio vinawadanganya wengi. Ali Hassan Mwinyi ikijaa siku ya Simba au Yanga, watu wanapiga hesabu ya mechi hiyo mara kumi na tano. Mechi kama hizo ni mbili kwa msimu. Na uwanja si wa klabu: Ali Hassan Mwinyi na Lake Tanganyika, kama viwanja vingi vya mikoani, ni vya CCM, kwa hiyo mwenye uwanja ana chake mlangoni.

6. Kwa nini tunaambiwa timu ya Kigoma ni ghali kuiendesha kuliko ya Dar?

Umbali. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, kumi na tano za ugenini. Timu ya Dar es Salaam inacheza kadhaa kati ya hizo ikilala nyumbani kwake. Mashujaa ikienda Dar inakata zaidi ya kilomita 1,200.

Fanya hesabu kwa bei za kukadiria. Msafara wa watu 28, vyumba 14 vya wawili wawili, usiku tatu, shilingi 40,000 kwa chumba: 1,680,000. Chakula cha siku nne, shilingi 20,000 kwa mtu kwa siku: 2,240,000. Jumla 3,920,000 kwa safari, na kwa mechi kumi na tano ni 58,800,000, kabla ya mafuta, matairi, dereva na posho. Safari ndefu ikiongeza siku mbili za njiani, kila safari inapanda kwa 2,240,000 nyingine.

Klabu zinazojua kazi huunganisha mechi mbili za ugenini kwenye safari moja na kubaki kambini katikati. Ratiba ikipanguliwa dakika za mwisho, mpango huo unavunjika na ndipo utasikia timu imelala kwenye basi. Bajeti ya mmiliki mpya isiyo na fungu la ratiba kupanguliwa imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kusafiri na timu.

7. Mmiliki akisema "nimeweka bilioni moja", tumwamini?

Muulize imeingia kama nini. Ikiwa ni mtaji, amenunua hisa na hawezi kuidai klabu. Ikiwa ni mkopo, klabu inadaiwa, na siku akikasirika deni linatolewa mezani. Ikiwa ni udhamini, kampuni yake imelipia tangazo. Ikiwa haijaandikwa popote, ni ufadhili wa swali la 1, na baada ya miaka mitatu kila upande utaikumbuka tofauti.

Ulaya wameyaona yote. Familia ya Glazer ilipoinunua Manchester United mwaka 2005 kwa karibu pauni milioni 790, sehemu kubwa ilikuwa ya kukopa, na deni likabebeshwa klabu yenyewe, iliyokuwa haidaiwi. Abramovich aliiendesha Chelsea kwa mikopo iliyofikia kama pauni bilioni 1.5; alipowekewa vikwazo mwaka 2022 ilibidi asamehe ndipo klabu iuzike. Chelsea walipona kwa sababu mdai aliamua kusamehe. Hakuna kifungu kilichomlazimisha.

8. Kijana aliyelelewa na timu yetu akiuzwa nje, tunapata kitu?

Hili ndilo eneo ambalo timu ndogo za Tabora na Kigoma zinaacha pesa mezani, na halihitaji tajiri yeyote. FIFA ina njia mbili.

Ya kwanza ni fidia ya malezi. Inalipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na pia akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kumaliza mwaka anaotimiza miaka 23. Ya pili ni mchango wa mshikamano, unaomfuata mchezaji maisha yake yote ya soka: kila anapouzwa kimataifa kwa ada, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5.

Chukua mchezaji aliyekaa kwenu misimu miwili, akiwa na miaka 17 na 18, kisha akauzwa kwa dola 500,000. Mna asilimia 1, yaani dola 5,000. Akiuzwa tena kwa dola milioni 2, mnapata dola 20,000 nyingine.

Mambo matatu yanaharibu. Kwanza, timu haijasajiliwa au kijana hakuwahi kuingizwa kwenye mfumo wa usajili wa TFF. Alicheza "ndondo" tu, na ndondo haina rekodi. Pili, tarehe za kuzaliwa zilizopishana kati ya cheti, shule na usajili. Tatu, klabu ilikufa na haina akaunti ya benki yenye jina linalolingana na usajili. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia mfumo mmoja wa FIFA unaosoma rekodi za mashirikisho. Kisichokuwa kwenye rekodi hakipo.

Kijana akienda Simba au Namungo, utaratibu huu wa FIFA hauhusiki. Hapo ni kanuni za TFF na makubaliano yenu. Andikeni mapema asilimia ya mauzo yajayo. Klabu kubwa huikubali kirahisi kuliko kuongeza pesa taslimu, kwa sababu haiwaumizi siku hiyo.

## Mnunuzi anapobisha hodi

9. Tumepata mtu anayetaka kununua timu yetu. Tumuulize nini?

Kwanza jiulizeni ninyi mnauza nini. Klabu ya mkoani kwa kawaida haina uwanja, haina jengo, na wachezaji wengi wana mikataba ya mwaka mmoja. Kinachouzwa ni nafasi kwenye ligi. Mnunuzi anajua hilo hata kama hasemi.

Kisha dai haya kwa maandishi: jina la mnunuzi halisi na kampuni yake ilivyo BRELA (wakala wa usajili wa kampuni na alama za biashara), uthibitisho wa benki wa pesa ya msimu mzima, si wa dirisha la usajili peke yake, ratiba ya malipo yenye tarehe, nani anabeba madeni ya zamani, yakiorodheshwa moja moja, timu itacheza wapi na kwa miaka mingapi, na nini kinatokea akichelewa kulipa. Hilo la mwisho liwe na meno: nafasi irudi kwa wauzaji asipolipa awamu ya pili.

Upande wenu lazima katiba iruhusu kuuza, mkutano mkuu upige kura wenye akidi, na mabadiliko yapite kwa msajili wa vyama vya michezo aliye BMT (Baraza la Michezo la Taifa) na kwa TFF. Mauzo yaliyofanywa na watu wanne hotelini yanaweza kufutwa na mwanachama mmoja mwenye kadi hai na wakili mvumilivu.

10. Mmiliki anaweza kuihamishia timu mkoa mwingine?

Anaweza, na Tabora ni ya mwisho kushangaa, kwa kuwa ilipata timu yake kwa njia hiyohiyo (swali la 2). Ihefu ilikuwa fahari ya Mbarali mkoani Mbeya. Ikahamia Singida na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Singida Big Stars nayo ilikuwa imekwisha kuwa Singida Fountain Gate, kisha ikaondoka Singida na kubaki Fountain Gate. Mji mmoja ukapoteza timu na kupata nyingine karibu kwa pumzi moja.

Uingereza uhamisho wa namna hii ni nadra, na ulipotokea uliacha kovu: Wimbledon ilipelekwa Milton Keynes mwaka 2003, na mashabiki waliobaki walikuwa wamekwisha kuanzisha AFC Wimbledon mwaka 2002, ikapanda kutoka madaraja ya chini.

Kinga ipo kabla ya mauzo tu. Kifungu cha mji kiwekwe kwenye mkataba wa mauzo na kwenye katiba ya kampuni, kikitaja kwamba hakibadiliki bila kura ya upande wa wanachama. Timu ikishauzwa bila kifungu hicho, barua kwa mkuu wa mkoa hazina nguvu ya sheria.

11. Na jina, nembo, rangi?

Majibu ni yaleyale ya swali la 10, pamoja na jambo moja la vitendo: sajilini jina na nembo BRELA kama alama ya biashara kwa jina la chama cha wanachama, kisha mpeni mwekezaji leseni ya kuvitumia. Ada ya usajili ni ndogo ukilinganisha na kelele zitakazofuata.

12. Mtu mmoja anaweza kumiliki timu mbili?

Kanuni ya FIFA inakataza mtu au kampuni moja kuongoza klabu zaidi ya moja pale uhalali wa matokeo unapoweza kuharibika. Kwenye nchi tofauti inaruhusiwa: kundi linalomiliki Manchester City lina pia New York City na Melbourne City, na hisa Girona. Tatizo linakuja zikikutana. Mwaka 2025 Crystal Palace walishinda Kombe la FA lakini UEFA, shirikisho la soka Ulaya, ikawashusha kutoka Europa League hadi Conference League, kwa sababu mwenye hisa wao John Textor alikuwa pia na Lyon.

Kwetu swali gumu zaidi ni la udhamini, ambao hauonekani kama umiliki. Mwaka 2021 GSM, mdhamini wa Yanga, iliingia mkataba wa kudhamini Ligi Kuu pia. Simba ikakataa kuvaa nembo yake, na Februari 2022 GSM ikajitoa. Kampuni moja inapolipa mishahara ya timu tatu, hata bila hisa, mashabiki wana haki ya kutazama kwa makini mechi za mwisho wa msimu.

## Mambo yakiharibika

13. Mishahara ikichelewa, mchezaji afanye nini?

Aandike. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15 zisizopungua. Akiondoka bila notisi, yeye anaweza kuhesabiwa mvunja mkataba. WhatsApp kwa meneja haitoshi. Tuma barua pepe rasmi na utunze nakala.

Mgeni anapeleka madai FIFA ndani ya miaka miwili. Mzawa anaanzia kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji.

14. Tunasikia "timu imefungiwa kusajili". Inatokeaje?

Klabu ikihukumiwa na FIFA kulipa, ina siku 45. Ikishindwa, haisajili mpaka ilipe, hadi madirisha matatu mfululizo. Mara nyingi anayedai ni kocha au mchezaji wa kigeni aliyefukuzwa msimu wa nyuma na uongozi uliokwisha ondoka. FIFA haijali uongozi umebadilika. Deni ni la klabu, na mmiliki mpya analirithi.

Tabora waliliona hili Agosti 2023, mechi ya kwanza ya Ligi Kuu dhidi ya Azam pale Chamazi. Timu iliingia na wachezaji wanane tu wenye ruhusa. Wawili wakaumia, na kwa kuwa sheria haikubali chini ya saba, mchezo ukakatishwa mapema Azam wakiwa mbele 4-0. Kilichokosekana ni usajili uliokamilika kwa wakati.

15. Timu ni ya taasisi ya umma. Si salama zaidi?

Kwa mishahara, mara nyingi ndiyo. Wachezaji wa timu za majeshi wanaoajiriwa wana kazi hata goti likiharibika, na hilo tajiri binafsi hatoi. Lakini taasisi ina bajeti ya mwaka, mkaguzi, na kiongozi anayeteuliwa. Kiongozi mpya asiyependa mpira anaweza kupunguza fungu bila kumkosea mtu yeyote kisheria, na hakuna mkutano wa wanachama wa kumhoji.

Udhaifu mwingine ni usajili. Manunuzi ya umma yana taratibu, dirisha la usajili lina saa ya kufungwa. Ndiyo maana taasisi zinazofanikiwa huunda kampuni au bodi inayojitegemea yenye fungu lake, kisha zinaiachia mameneja.

16. Kuna kikomo cha pesa ambayo tajiri anaweza kumwaga?

Ulaya kipo. UEFA imeweka gharama za kikosi zisizozidi asilimia 70 ya mapato, ikishuka kwa hatua kutoka 90 hadi kufika hapo msimu wa 2025/26. Uingereza hasara haikuruhusiwa kuzidi pauni milioni 105 ndani ya misimu mitatu: Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 kwa rufaa, na Nottingham Forest wakakatwa 4.

Afrika, leseni ya klabu ya CAF, shirikisho la soka la bara, inakagua maeneo matano, yaani michezo, miundombinu, utawala, sheria na fedha, bila kuweka dari ya matumizi. Kwetu, basi, hatari kubwa ni pesa kukatika katikati ya msimu.

17. Mmiliki akiondoka ghafla Januari, nini kinabaki?

Mikataba na madeni. Anzhi, klabu ya Dagestan nchini Urusi, ilimsajili Samuel Eto'o mwaka 2011 kwa pesa za tajiri Suleiman Kerimov. Mwaka 2013 Kerimov akafunga mkoba, nyota wakauzwa kwa mkupuo, na mwaka 2022 klabu ikavunjwa.

Kwa klabu ya hapa, wiki ya kwanza ni ya kazi nne: pata nywila za mfumo wa usajili kutoka kwa ofisa aliyeajiriwa na mmiliki, badilisha watia saini benki, orodhesha mikataba yote yenye wageni, na uiandikie TFF mapema kabla ya mechi ya ugenini mtakayoshindwa kusafiri. Nywila ndizo zinazosahaulika. Klabu inaweza kuwa na wachezaji na pesa ya kuchangishana, ikashindwa kusajili kwa sababu aliyeondoka ameondoka nazo.

18. Timu ikihama, tunaweza kuanzisha yetu?

Ndiyo, lakini mnaanzia chini: katiba, orodha ya wanachama waanzilishi na muhtasari wa kikao, kupitia kwa ofisa michezo wa wilaya hadi kwa msajili wa BMT, kisha uanachama wa chama cha soka cha wilaya na ligi ya wilaya. Kutoka hapo ni ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship. Nafasi ya timu iliyohama hairithiwi. Jina la zamani mnaweza kulitumia ikiwa tu mlifanya ya swali la 11.